Chumvi Iache Nyumbani

Somoe, umeniuliza kwenye simu, sauti ukiibana
shangazi asisikie: unaanzaje?
Kesho unaingia bwenini Masasi, wasichana mia na ushee,
na humjui hata mmoja wa kumwazima ndoo.

Mimi wiki tatu nilikaa Mtwara
kama mzigo uliokosa mwenyewe.
Darasa la umeme, wanafunzi thelathini,
tukifundishwa kwamba taa haiwaki
mpaka mzunguko ukamilike.
Niliandika hayo kwenye daftari. Sikuyaelewa.

Asubuhi, bafuni kwa mama mdogo pale Chikongola,
niliisemesha ndoo:
"Habari. Naitwa Dadi. Natokea Nachingwea."
Ndoo ilisikiliza vizuri sana.
Nikifika chuoni, mdomo unauma
kama niliyeng'ata korosho mbichi na ganda lake.
Basi natoa simu, naifungua, naifunga,
napekua picha za mbuzi wetu
nionekane mtu mwenye shughuli.

Siku moja nilijikaza. Nikamsalimia dada mmoja, Lukia,
salamu yote mpaka mwisho, kisha nikasema "asante".
Asante ya nini? Hata leo sijui.
Akajibu "haya", akapita.
Ardhi haikupasuka, Somoe.
Niliingoja ipasuke.

Halafu ikaja Alhamisi ya ming'oko.
Mama Binasa huiuza nje ya geti,
ya moto, unamenya kwa kucha huku unapuliza vidole.
Nimekaa juu ya tofali.
Tofali la pili kakaa yule wa benchi la nyuma,
asiyesema, ambaye sote tulikubaliana kuwa anaringa.
Mbele yake kipande cha gazeti: chumvi na pilipili.
Kwangu hamna.
Sikupanga neno. Mkono ulitangulia, mdomo ukaufuata:
"Naomba chumvi."

Akasogeza gazeti. Kimya.
Kisha: "Kwani kwenu mnakula hivihivi?"
"Chumvi tunayo. Nimeona aibu kumwomba mama Binasa."
Akacheka mpaka mng'oko ukampalia,
nikampiga mgongoni, mara mbili, tatu,
na mtu uliyempiga mgongoni
huwezi tena kumwita mgeni.

Jina lake Likwata. Kwao Newala, kule juu,
ambako maji ni ya kuvizia mvua:
bati linateremsha, kisima cha uani kinapokea,
na mfuniko una kufuli.
"Nimekua hivyo," akasema.
"Nadhani na maneno niliyafungia humo.
Yapo tele. Anayekuja kuteka ndiye hamna."

Nimelala nalo hilo neno siku nyingi.
Bweni zima la Masasi, Somoe, visima vya kufuli,
kila mmoja umejaa
na kila mmoja akimdhania mwenzake mkavu.

Kwa hiyo usiende na hotuba. Nenda na upungufu.
Uliza chandarua kinafungwa wapi.
Mwombe mtu akushikie ncha ya pili ya shuka.
Akikujibu, usiwahi kuruka kwenye habari zako;
ingia kwenye jibu lake, kaa humo kidogo.
Watakuwepo wa kusema "haya" na kupita.
Waache wapite.
Huenda nao alfajiri waliisemesha ndoo.
(Lukia, nimekuja kujua, siku ile jino lilikuwa linamuuma.)

Usidhani sasa nimekuwa kasuku.
Jana mimi na Likwata tumetengeneza feni ya mama mdogo,
saa nzima, maneno hayakuzidi kumi:
nipe bisibisi, shika hapa, siyo hiyo.
Ilipozunguka, akapandisha nyusi tu.
Nami nikapandisha zangu.

Salio linaniishia.
Sabuni weka, daftari weka, kanga ya mama weka.
Ila usiku huu ukifunga sanduku,
chumvi iache nyumbani.